Huzuni Haina Nakala

Dada yangu Skola alikuja studio Jumatano mchana, akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akaniambia anataka kulia.

"Basi lia," nikamjibu. Nilikuwa na toleo la kumaliza na sikuwa na hali ya kubembeleza mtu mzima.

"Siwezi, Tasi. Kilio changu unacho wewe."

Nikaweka kalamu chini. Nilijua siku moja angeyasema maneno hayo, na bado yaliponifikia nilikasirika, kama unavyoikasirikia mvua iliyokuja siku umeanika nguo. Hapakuwa na wa kumlaumu, lakini hasira huwa haingoji apatikane mtu.

Skola akafungua jani lake, ile karatasi ya kioo ambayo siku hizi kila mtu anatembea nayo mfukoni, akanionyesha ukurasa. Ulikuwa wa manga yetu, hadithi ya picha iitwayo Mama wa Mto. Sijaona, mhusika wetu mkuu, aliyefiwa na mtoto, anapita sokoni na kumkuta muuza mitumba amepanga viatu vya watoto. Hasemi kitu. Anaonekana mgongo tu, na bega moja limeshuka kidogo.

"Nimeutazama huu mgongo tangu asubuhi," Skola akasema. "Nikaenda kabatini nikatoa viatu vya Melki. Vya kweli, vyenye tope lake. Nikavishika. Unajua nilifikiria nini? Kwamba vimechakaa, nivitupe. Huyu mwanamke wa kuchorwa anamlilia mwanangu, mimi nafikiria kutupa viatu. Namwonea wivu, Tasi. Mtu mzima mimi, naionea wivu katuni."

Ule mgongo sikuuchora mimi, na Skola alijua hivyo. Ulichorwa na huzuni yake mwenyewe.

Tulipoanza kazi hii, hapa hapa kwenye ghala la zamani la mkonge nje ya mji wa Morogoro, tulichora nyuso kwa akili zetu. Nyusi zikikunjwa hivi ni hasira, tone la jasho kwenye paji ni aibu, macho yakizidi ukubwa ni mshangao. Watu wakasoma, wakachoka. Ndipo likaja Chujio. Ni mashine isiyozidi cherehani kwa ukubwa, ina kofia ya nyaya. Unamvisha mtu mwenye huzuni, inaivuta huzuni yake yote na kuipandikiza ndani ya mhusika wa kuchorwa. Kuanzia hapo mwandishi hahangaiki tena na uso. Kazi yako ni kumweka mhusika mahali: mpe soko, mpe viatu, mpe mvua. Uso atauchora mwenyewe, na msomaji akiuona anajua hapa kuna mtu. Aliyechujwa naye anarudi nyumbani mwepesi. Anakumbuka kila kitu, ila hakimuumi.

Jambo moja tu lililishinda Chujio, nalo ni kunakili. Huzuni ni moja. Ikiwa kwa Sijaona, haiko kwa Skola.

Melkiori alikuwa mwanawe wa pekee. Mto Ngerengere ulifurika wakati anavuka na wenzake kutoka shule, akachukuliwa. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemtupa, maji yalikuja tu. Baada ya maziko Skola hakula wala hakulala. Alishinda mtoni akiokota mifuko ya nailoni akidhani ni shati la mtoto. Akaja mwenyewe kuliomba Chujio, na mimi, nikimtazama alivyokonda, sikuwa na moyo wa kumkatalia. Ila arobaini ilikuwa bado. Siku ya kuanua tanga wanawake walikaa mkekani kumlilia Melki, na mama yake yuko jikoni, anaonja chumvi ya pilau huku anaimba puani. Tanga likaanuliwa hivyo hivyo. Mumewe akahama nyumba, akisema hataki ugomvi, anaogopa tu.

"Nirudishie," Skola akasema. "Nikae mkekani nimlilie mwanangu hata mara moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wanavyosema. Mimi siujui. Basi mimi ni nani?"

* * *

Fundi wa Chujio ni Mwantumu, binti mpole ambaye hawezi kukupa habari mbaya mpaka kwanza akupe kiti. Alitupa viti vyote viwili.

"Kurudisha kunawezekana," akasema. "Lakini haitarudi kama ilivyokuja, dada zangu. Itarudi kama ilivyo leo. Kila mlichomwandikia Sijaona kimeingia humo ndani. Unga ukishakandwa, maji yake huyatoi."

Nami nilijua nilichokanda.

Kazi yetu ina kanuni zake, na ya kwanza ni kwamba huzuni peke yake haiendeshi hadithi. Mwenye huzuni anakaa anatazama ukuta. Mchore kurasa tatu anatazama ukuta, msomaji atalifunga jani akapike. Mhusika lazima atake kitu, na lazima pawe na mtu amesimama kati yake na kitu hicho. Sijaona mwanzoni hakutaka chochote. Mhariri wetu, Bwana Kobelo, akaniita akaniambia, "Tasi, huyu mama ana kidonda lakini hana adui. Mto hauwezi kuwa adui, mto hauna uso." Nikamletea mwenye mtumbwi, mlevi. Kobelo akakataa. "Mgeni haumizi. Kikulacho ki nguoni mwako. Tafuta mtu wa damu."

Nikampa mama mdogo. Kwenye manga mtoto anaitwa Tito, na mama yake mdogo, Mele, ndiye alikuwa amemshika mkono wakivuka. Maji yakaja, Mele akaogopa, akauachia.

Ukurasa huo ndio ulionipa jina mjini. Manga tunaisoma kutoka kulia kama msahafu, kwa hiyo jicho linaishia chini kushoto, na kona hiyo ndipo mwandishi anapokufanya ugeuze. Kwenye kona ya kushoto niliweka mikono miwili imeshikana, imejaza fremu yote. Unageuza. Ukurasa unaofuata hauna neno, hauna mto, hauna mtoto. Kuna kiganja kimoja, kiko wazi, kitupu. Watu walilia hadi kwenye foleni za benki. Na Sijaona, aliyekuwa akitazama ukuta, alisimama akaanza kumtafuta Mele, na hakukaa tena.

Sasa, Melki alikuwa na mama mdogo mmoja tu duniani, naye ni mimi. Siku ya mafuriko nilikuwa Dodoma kwenye maonyesho ya vitabu.

"Akirudishiwa," nikamuuliza Mwantumu, "ataamini kwamba mimi ndiye niliyemwachia mtoto mkono?"

Mwantumu akaanza kuzikunja nyaya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. "Kuamini ni mambo ya kichwani, dada. Hii haikai kichwani."

Skola akacheka. Tangu achujwe ana kicheko chepesi, cha mtu aliyetua mzigo na kusahau alikuwa nao. "Kwani mimi mtoto mdogo? Najua ulikuwa Dodoma. Uliniletea zabibu, zikaozea kwenye begi kwa sababu ulishukia msibani. Na huyo Mele umemchora na pua yako, kila mwezi nakucheka. Tasi, katuni haiwezi kunifundisha ndugu yangu ni nani."

Nilitaka sana kumwamini.

* * *

Niliomba nafasi ya kurekebisha kwanza. Mtu aliyepigilia msumari, nilijiambia, hashindwi kuung'oa.

Nikaandika tukio la shahidi. Mzee aliyekuwa ng'ambo ya mto anamwendea Sijaona na kumweleza kwamba Mele hakuachia, maji yaliwazidi nguvu wote wawili. Nikamwachia Sijaona auchore uso wake. Sijaona alimsikiliza yule mzee kwa adabu zote, kama unavyomsikiliza mtu anayekuuzia dawa ya kila ugonjwa.

Nikatupa maneno, nikatumia picha tupu. Nikamrudisha Sijaona mtoni siku ile ile, nikamwonyesha kwa macho yake maji yakiinyofoa mikono. Akageuza uso pembeni. Nikampa Mele kovu vidoleni, alama ya kung'ang'ania mpaka ngozi ikachubuka. Sijaona akalitazama lile kovu, akatabasamu, na tabasamu lile sitaki kulikumbuka.

Niliwahi kuwaambia vijana kwenye semina, nikijiona mjuzi: ukishampa mhusika sababu ya kuamka asubuhi, usijaribu kumnyang'anya kwa maelezo, atakushinda. Ndivyo alivyonishinda. Mimi ndiye niliyemfundisha, na alifundishika vizuri.

Kobelo alinikuta nimezungukwa na kurasa zilizokataa. Ni mtu mnene, anapumua kwa sauti, na hana roho mbaya hata kidogo. Akavuta kigoda.

"Mbona unamwelezea?" akasema. "Msomaji gani anataka maelezo sasa hivi? Mfanye asamehe. Mele aje apige magoti majini, asijitetee, aombe radhi tu. Sijaona amwinue. Tufunge hadithi, watu walie, twende nyumbani."

Nilijilaumu kwa kutolifikiria mapema. Nikampigisha Mele magoti. Sikumpa neno hata moja. Fremu ya kwanza maji yanamfika kifuani, ya pili mikono ya Sijaona imelegea ubavuni, ya tatu mkono mmoja unaanza kuinuka. Na uso wa Sijaona, ambao tangu siku ya kile kiganja ulikuwa umekaza kama fundo la kamba, ukaanza kufunguka. Nilishusha pumzi.

Mwantumu akaja mbio kutoka chumba cha Chujio. "Dada, simamisha. Simamisha kalamu. Inayeyuka."

"Nini kinayeyuka?"

"Yote."

Akanionyesha kipimo kilivyokuwa kinashuka. Lawama na huzuni vilikuwa vimekandwa pamoja muda mrefu mno, haviachani tena. Sijaona akisamehe, hasamehe lawama ikabaki huzuni safi ya kumrudishia Skola. Vinaondoka vyote. Sijaona atapata amani yake, hadithi itafungwa, na Melkiori hatakuwa na mtu wa kumlilia, si duniani wala kwenye karatasi.

"Basi acha viyeyuke," Kobelo akasema kwa upole. "Nakwambia kama kaka yako, siyo kama mhariri. Dada yako anakula. Analala. Unamrudishia moto kifuani wa nini? Na moto wenyewe umeelekezwa kwako. Malizia huo ukurasa, Tasi. Mkono umebakiza kidogo tu ufike."

Nilikaa na ile kalamu. Kobelo alikuwa anasema kweli, na alikuwa anasema nilichotaka kusikia. Nikimalizia, nitabaki na dada yangu: atakuja Jumapili, tutakula, atanicheka pua. Hatajua alichopoteza kwa sababu cha kumjulisha kitakuwa kimekwisha. Hakuna atakayeumia. Kitu pekee kitakachokosekana ni mama wa Melki, na huyo mwenyewe ndiye ataniambia mambo ni shwari. Niliogopa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Nikamwambia Mwantumu asiguse kitu, nikaenda kwa Skola kumweleza yote ili aamue mwenyewe. Hakuwepo. Alikuwa amekwenda kusuka nywele, jirani akaniambia. Nikageuka kuondoka, nikaona kwenye jaa la nje ya uzio, juu ya maganda ya ndizi, viatu vidogo vyeusi vyenye tope kavu.

Nikaviokota. Kimoja kilikuwa na kamba ya kiatu kingine, nyeupe, kwa sababu Melki alipoteza ya kwake na mimi ndiye niliyemfunga hiyo. Nilisimama pale jaani nikalia kama mwendawazimu, na watu wakapita.

Niliporudi studio niliufuta ule mkono wa Sijaona uliokuwa unainuka.

* * *

"Nikizinduka niulize ulikuwa wapi siku ile," Skola alisema wakati Mwantumu anamvisha kofia. Skola mwenyewe ndiye aliyekuja na mpango huo. Nilikuwa nimeshamweleza kuhusu msamaha na kuyeyuka, nikamwambia bado anaweza kukataa. Alinipiga begani. "Nitakujibu Dodoma, na habari itaishia hapo. Acha woga, mdogo wangu. Anayekwenda kuumia ni mimi."

Chujio halina kelele. Kwenye kioo nilimwona Sijaona ananitazama, halafu nikaona hanitazami tena. Alibaki mwanamke mzuri wa kuchorwa, mwenye macho makubwa, kama wale tuliowachora zamani.

Skola akafumbua macho. Nilikuwa na hofu moja ya kijinga, kwamba ataita Tito. Lakini mdomo wake ulipofunguka jina lililotoka lilikuwa Melki. Lilitoka chini sana, likaja likipanda, na Mwantumu akageukia ukutani. Skola alijikunja akashika tumbo lile lile lililombeba, akaita tena na tena, na mimi nikapiga magoti nikamkumbatia, tukalia pamoja kama tulivyotakiwa kulia siku nyingi zilizopita. Alinishika kwa nguvu. Nikasema moyoni, ahsante Mungu, nimempata dada yangu.

Kisha nikahisi mikono yake imelegea.

Alijiondoa kifuani pangu, akauchukua mkono wangu wa kulia. Akaufungua. Akakitazama kiganja changu muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Dada," nikasema, kama tulivyopanga. "Siku ile nilikuwa wapi?"

"Dodoma," akajibu. Sauti ilikuwa yake, na ilikuwa imechoka. "Najua, Tasi. Ulikuwa Dodoma. Uliniletea zabibu."

Akavikunja vidole vyangu, kimoja kimoja, mpaka ikawa ngumi, akanirudishia mkono wangu mapajani.

"Lakini uliuachia wewe."

* * *

Jumamosi Skola alitandika mkeka upya. Watu wa mtaani walishangaa, maana tanga la Melki lilishaanuliwa zamani, lakini waliposikia analia walikuja. Wanawake hawawezi kusikia kilio cha namna ile wakakaa majumbani mwao. Walikuja na khanga kiunoni na sufuria kichwani, na mtu akamwita mumewe aliyehama, naye akaja, akaketi na wanaume barazani.

Mimi nilikwenda na mchele na mzigo wa kuni, kama ndugu. Shangazi Tekla, dada wa marehemu baba, alinikuta getini.

"Mwenye msiba amesema usiingie, mwanangu."

"Shangazi, unajua nilikuwa Dodoma."

"Najua. Na wote waliomo humo wanajua." Akapokea mchele, akapokea na kuni. "Ila yeye ndiye mwenye msiba."

Akafunga geti bila kulibamiza. Nikapindua ndoo iliyokuwa pale, nikaketi. Ningeweza kupiga kelele, kuleta watu walioniona Dodoma, kuleta picha. Nilishawahi kumletea Sijaona shahidi, nikaona uso wake.

Nikamsikiliza dada yangu akilia, na nasema kweli, nilifurahi. Kilikuwa kilio cha mama. Kilikuwa na Melki ndani yake, na kuumwa kwake masikio, na ubishi wake wa kutokula maharage, mambo ambayo sikuyaandika popote wala nisingeweza kuyabuni. Wanawake walimwitikia na kilio kikazunguka nyumba nzima. Hicho tu ndicho alichokuwa anataka.

Kisha wakamtuliza, wakampa maji, na mmoja wao akamwomba aseme ilikuwaje, kama inavyosemwa kila msiba. Skola akaanza. Akawaambia kuhusu mvua ya milimani. Akawaambia maji yalivyobadilika rangi. Alisimulia polepole, akikata mahali pa kukata, na nilitambua kila mkato, kwa sababu niliupima mwenyewe kwa rula.

Akawaambia mikono ilikuwa imeshikana.

Hapo akanyamaza, palepale kwenye kona ya kushoto. Wanawake wakasogea karibu naye. Hata barazani waliacha kuongea. Kupitia mwanya wa geti nikamwona akiuinua mkono wake wa kulia, akaufungua, akawaonyesha kiganja.

Vichwa vikaanza kugeuka kuelekea getini. Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo, nimevishika viatu vya Melki kwa mikono yote miwili.